Chaki Juu ya Kitambaa Cheusi

Twaanza kwa kumtaja Yeye ambaye hakuna kinachoanza pasi na idhini Yake, Mwenye kumpa mja sauti na Mwenye kuichukua, Mwenye kuwasimamisha watu mahali na kuwaondoa kwa wakati anaoujua Yeye peke Yake. Tunamwomba atuepushe na kusema tusilolijua, na atuepushe pia na kunyamaza pale inapotupasa kusema. Kwani maradhi ya mtu wa hadithi hii yalikuwa hayo ya pili.

Na kabla ya kwenda mbele, tuwapange watu wetu kama wapangwavyo safuni, bega kwa bega, ili msomaji asimkanyage yeyote. Wa kwanza ni Kaka. Kwa miaka kumi na mmoja aliigiza mshonaji nguo katika tamthilia ya televisheni iliyoitwa *Uani kwa Fundi*, akajulikana kila mtaa kwa jina la Mzee Uzi, hata watu wakawa wanamletea suruali awapunguzie, naye masikini hajui hata kutunga uzi sindanoni. Wa pili ni Shemeji, mke wa Kaka, mwenye macho yasiyopitwa na jambo. Wa tatu ni mdogo wake Kaka, aliyeiandika tamthilia hiyo tangu kipindi cha kwanza. Kazini walimwita Kalamu, na hadithi hii ni yake. Wa nne ni Mwongozaji, mwanamke mfupi ambaye sauti yake ilitangulia kuingia chumbani kabla yake mwenyewe. Wa tano ni Bi Pasi, mtunza mavazi ya waigizaji, fundi cherehani wa kweli aliyewahi kuwa na kibanda chake cha kushonea. Hao watano wanatutosha.

Sasa basi. Ulipoingia mwaka wa kumi wa tamthilia, kumbukumbu za Kaka zilianza kumtoka kidogo kidogo, kama maji yavujavyo kwenye ndoo iliyotoboka kwa chini. Maneno aliyoyashika usiku yalikuwa yamekwisha toweka asubuhi. Hakumwambia mtu ila mdogo wake, na mdogo wake akabuni hila. Juu ya meza ya kukatia nguo, pale Mzee Uzi alipokuwa akisimama kila siku mbele ya kamera, palikuwa na kitambaa cheusi kizito. Kila asubuhi Kalamu alifika studio kabla ya wote, akakikunja kile kitambaa, na upande wa ndani wa mkunjo akaandika kwa chaki ya fundi maneno yote ambayo Kaka angeyasema siku ile. Kaka alipohitaji neno, alifunua mkunjo kana kwamba anapima, akasoma, akaufunika. Watazamaji walisema, "Mtazameni mzee yule, hata akiwa na hasira hawezi kuacha kupima." Na waigizaji wenzake walipochungulia, waliona mistari ya chaki, nao wakadhani ni vipimo vya kiuno.

Ila kitambaa kina mwisho wake. Ili maneno yatoshe na macho ya Kaka yayaone, ilimbidi Kalamu aandike kwa herufi kubwa, sentensi zisizozidi maneno saba. Hivyo kwa miaka miwili Mzee Uzi alizungumza kwa vijisentensi, na wengine wote wakawa wanabwabwaja ili kuziba mapengo. Tamthilia ikapooza. Watu waliendelea kuitazama kama mtu anavyoendelea kumtembelea jamaa yake mgonjwa, kwa kuona haya tu.

Siku ya kuanguka kwa hila ile ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Bi Pasi, ambaye alikuwa amerudi kutoka likizo na kukuta vumbi kila mahali, alipita mezani, akakiona kitambaa kimejaa chaki iliyochafuka. Fundi gani wa kweli ataacha hali ile? Akakichukua, akakikung'uta dirishani, akakinyunyizia maji, akakipiga pasi mpaka kikang'aa, akakirudisha kimekunjwa vizuri kuliko mwanzo. Kisha akasimama pembeni, ameridhika na kazi yake.

Kamera ikawashwa. Kijana wa tamthilia alikuwa amekuja kumwomba Mzee Uzi ruhusa ya kuoa. Kaka akafunua mkunjo. Weusi mtupu. Akaufunua upande wa pili. Weusi.  Kaka aliinua uso, akatabasamu, akasema kwa sauti nzuri iliyotulia, "Mama watoto, niletee taa. Macho yananidanganya leo."

Hayo yalikuwa maneno ya kipindi cha mwaka wa tatu. Na mama watoto huyo alikwisha kufa katika tamthilia, akazikwa, akaliliwa, na mwigizaji wake alihamia kazi nyingine.

 Kaka alingoja taa. Akageuza kichwa kuelekea mlango, akaita tena, mara hii kwa hofu. Ndipo Bi Pasi, aliyetambua mara moja alichokifanya na asijue namna ya kukifuta, akaingia ndani ya picha akiwa na mkasi wake mkononi na tepu ya kupimia shingoni. Akasimama kando yake. "Kaka," akasema, "taa naleta mimi. Wewe keti. Mteja anangoja, acha nikate." Akakata. Mkasi ulikipita kile kitambaa kwa mlio mmoja mrefu, ulionyooka, mlio ambao meza ile haikuwahi kuusikia kwa miaka kumi na mmoja. Mwongozaji alikuwa ameinua mkono ili kusimamisha kamera. Mkono ukabaki juu. Hakusimamisha.

*

Lililofuata lilipangwa kwa haraka, milango ikiwa imefungwa. Mzee Uzi angesafiri kwenda kutibiwa macho. Dada yake mdogo, yaani Bi Pasi, angeshika meza. Nani atamwambia Kaka? Kalamu alisema, "Niachieni mimi." Akaenda, akamwambia kwamba apumzike miezi miwili, mitatu hivi, kisha ataitwa. Ulikuwa uongo wenye sura ya huruma, nao ulimtoka kwa wepesi uliomtisha mwenyewe.

Kisha likatokea jambo ambalo Kalamu hakuliombea. Tamthilia ilipona.

Bi Pasi hakujua kuigiza, kwa hiyo hakuigiza. Alishona. Mikono yake ilikuwa na kazi ya kweli, na aliyezungumza naye ilimlazimu angoje mpaka atoe pini mdomoni. Wale waliokuwa wakibwabwaja walijifunza kunyamaza. Na Kalamu, ambaye hakufungwa tena na upana wa kitambaa, aliandika sentensi yenye maneno ishirini, akaikodolea macho kama mfungwa aonavyo mlango ulioachwa wazi. Aliandika mpaka akasahau kula. Kisha akakumbuka ni kwa nini aliweza kuandika hivyo, kalamu ikawa nzito.

Sifa zilimfuata kila mahali. Kinyozi alimwambia, wembe ukiwa shingoni, "Siku hizi mmetuamsha, bwana. Yule mzee alikuwa mtu mzuri, lakini, tuseme ukweli, mlichelewa." Kalamu hakuthubutu kutikisa kichwa, na si kwa ajili ya wembe peke yake.

Na kila Jumatano saa moja na nusu jioni, Kaka aliketi sebuleni kwake mbele ya televisheni, amenyoa ndevu, amevaa shati la Mzee Uzi lenye mifuko miwili. Shemeji alilipiga pasi kila asubuhi, kwa kuwa mumewe alimwambia, "Wakiita ghafla wasinikute sijajiandaa." Begi dogo lilikuwa mlangoni.

"Huyu mwanamke anajua kushika mkasi," Kaka alisema Jumatano moja. "Nikirudi tutagawana meza. Yeye akate, mimi niseme."

"Ndiyo, kaka," alijibu Kalamu.

 Shemeji alipomsindikiza mlangoni alimwambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, wewe ndiye unayeandika. Siku ya kurudi kwake si unaijua?"

"Naipanga, shemeji."

"Unaipanga," alisema Shemeji. "Haya. Basi ujue na mimi kila siku napanga begi, na kila siku nalipangua."

*

Ulipofika mwezi wa tano tangu Kaka aondoke, Mwongozaji alimwita Kalamu, akamfungia mlango.

"Wakubwa wanataka Mzee Uzi afe," akasema. "Usinitazame hivyo. Kila wiki watu wanauliza anarudi lini, na jibu hatuna. Dada yake hawezi kuwa mwenye nyumba kamili wakati mwenye nyumba yuko safarini. Unalijua hilo kuliko mimi."

Alilijua. Ndilo lililomuuma. Kama tamthilia ingekuwa ya mtu mwingine, angelipendekeza yeye.

Akaiandika. Taarifa ya kifo inafika kwa barua: Mzee Uzi amefia ugenini, na kabla ya kufa aliwaandikia wa nyumbani maneno ya mwisho, na dada yake anayasoma mezani. Ilikuwa barua nzuri kuliko chochote alichowahi kukiandika. Walirekodi Jumatatu moja. Wapiga picha wawili walilia. Ingerushwa Jumatano ya wiki iliyofuata.

"Kaka yako umemwambia?" Mwongozaji aliuliza.

"Nitamwambia."

"Sikiliza, Kalamu. Jumanne, kabla tu ya taarifa ya habari ya saa kumi na mbili, wanarusha tangazo la kipindi. Tangazo linaanza na picha yake yenye utepe mweusi. Akijulia hapo, mimi na wewe tutamwambia nini?"

Kalamu alienda Alhamisi. Kaka alikuwa na homa. Akasema, si leo. Alienda Jumamosi. Kaka alikuwa mchangamfu, akawa anasimulia vituko vya zamani bila kukosea hata kimoja. Akasema, nani avunje furaha kama hii? Jumapili alifika mpaka kwenye kengele ya mlango, akaigusa bila kuibonyeza, akarudi. Usingizi ulimpa kisogo. Katika sala alijikuta akisujudu na kusahau kuinuka, akiwa anapanga sentensi ya kwanza. Mtu aliyewapa maneno wahusika arobaini na watatu, hakuwa na maneno ya kumpa mtu mmoja.

Jumanne alifika saa kumi na moja na nusu. Shemeji alikuwa jikoni, maji yakichemka. Kaka alikuwa kitini, shati limenyooka, televisheni imewaka kwa sauti ya chini. Kalamu aliketi. Akasimama. Akaketi tena. Alipoona saa ya ukutani imefika kumi na mbili kasoro dakika tano, alipita nyuma ya televisheni kana kwamba anatafuta kitu, akachomoa waya.

Kioo kikawa cheusi.

"Umeme umekatika?" Kaka aliuliza.

"Labda."

"Taa je, mbona inawaka?"

Kalamu alisimama na waya mkononi.  Shemeji alikuwa ametokea kwenye mlango wa jikoni, kitambaa cha kufutia vyombo begani.

"Kaka," alisema, "Mzee Uzi amekufa."

Kaka alimtazama. "Lini?"

"Kesho. Kesho jioni. Kuna tangazo leo, sasa hivi. Sikutaka ulione kabla…" Akaushika waya kwa mikono miwili. "Hutarudi, kaka. Ulikuwa hutarudi tangu siku ile. Nilikudanganya."

 Maji jikoni yalifurika yakazima moto, na hakuna aliyekwenda.

"Nani ameandika?"

"Mimi."

"Nafia wapi?"

"Ugenini. Hospitali."

"Nasema kitu? Au nakufa kimya kama kuku?"

"Kuna barua. Umeiandika kabla. Bi Pasi anaisoma."

Kaka aliinama, akaitazama mifuko yake miwili. Alipoinua uso, Kalamu aliona kitu alichokiogopa kuliko hasira.

"Miaka miwili," alisema Kaka, "umeniandikia kila neno la kusema. Kila asubuhi, kwa mkono wako. Hili moja tu ndilo ulishindwa kuniandikia?"

 Kalamu alipiga magoti pale pale kwenye zulia, waya bado uko mkononi, akainamisha kichwa. Hapana aliyemwambia inuka.

Hatimaye Shemeji ndiye aliyesema. "Mzee mwenzangu, msamehe au mfukuze, lakini uamue moja. Maji yangu yamemwagika."

Kaka alicheka kidogo, kicheko kibovu, cha puani. "Eti anaisoma mwingine," alisema. "Sauti yangu mimi imekwenda wapi? Nimekufa, sijawa bubu."

*

"Umerukwa na akili!" Mwongozaji alimwambia Kalamu Jumatano asubuhi, aliposikia kwamba Kaka mwenyewe ndiye atakayeisoma barua. "Kinarushwa leo jioni! Na yeye… samahani, lakini tulimwona sote siku ile."

"Hatakariri. Atasoma."

"Karatasi haioni."

"Hatasoma karatasi."

Mwongozaji alizunguka chumba mara mbili. Kisha akasema, "Ipo picha ya Bi Pasi tuliyopiga akiisoma barua kimya. Nikiweka sauti juu yake, itakaa. Nakupa mpaka adhuhuri. Ikishindikana, narudi kwenye ile ya Jumatatu, na usininunie."

Chumba cha kurekodia sauti kilikuwa kidogo, kimezibwa sponji ukutani, kina kiti kimoja na maikrofoni moja. Bi Pasi aliingia akiwa amebeba kitambaa cheusi, kipande kilichobaki cha kile alichokikata. Alimwendea Kaka, akasimama mbele yake.

"Mzee wangu," alisema, "ni mimi niliyepiga pasi ile. Sikujua. Wallahi sikujua."

"Kumbe ni wewe," alisema Kaka. "Ilinyooka vizuri sana."

Kalamu alitandaza kitambaa juu ya meza, akaanza kuandika kwa chaki. Herufi kubwa, moja moja. Chaki ilivunjika mara mbili. Saa ilikwenda. Mwongozaji alichungulia kupitia kioo, akaonyesha kidole kwenye saa yake ya mkononi. Kalamu akafika ukingo wa kitambaa, akakigeuza, akaandika upande wa pili, akafika ukingo tena. Ndipo alipogundua kosa lake. Barua ile aliiandika akiwa huru, kwa sentensi ndefu, bila kukumbuka kitambaa. Imebaki aya nzima ya mwisho, dua ya Mzee Uzi kwa watu wake. Na kitambaa kimekwisha.

"Anza!" ilisema sauti ya Mwongozaji kwenye spika.

"Ngoja…" alisema Kalamu, lakini taa nyekundu ilikuwa imewaka, na Kaka alikuwa amekwisha kuanza.

Alisoma. Lo, namna alivyosoma! Kila neno alilipa haki yake. Alisoma habari za meza, za mkasi, za kijana anayetaka kuoa na ambaye hakumjibu kwa sababu macho yalimdanganya. Kalamu hakusikia uzuri wowote. Alihesabu mistari iliyobaki: sita, tano, tatu.  Mstari wa mwisho ukasomwa. Kaka akakigeuza kitambaa. Hakuna. Akakirudisha. Hakuna.

 Uso ule ule ukigeuka polepole kuelekea mlango. Nyuma ya kioo, Bi Pasi alijishika mdomo, na mkono wa Mwongozaji ukaenda kwenye swichi.

Kaka alivuta pumzi. Akakilaza kitambaa, akaiweka mikono yake juu yake, viganja vikielekea juu, kama alivyofundishwa utotoni alipokuwa akiketi mkekani kando ya mdogo wake.

"Ewe Mola," alisema, "nimefika mwisho wa yale niliyoandikiwa. Walionisemesha, wasamehe. Walioninyamazisha, wasamehe. Mdogo wangu mpe ulimi mwepesi, maana mkono unao tayari. Mke wangu mpumzishe na begi lile. Na mwenye pasi, Mola, mjaalie atazame kwanza ndipo apige. Amina."

Katika barua hiyo Mzee Uzi hakuwa na mdogo wa kiume, wala mke aliye hai. Mwongozaji alijua. Aliangalia swichi, akaangalia kioo, akaiacha taa nyekundu iwake mpaka ilipokwisha amina ya mwisho, ambayo aliisema yeye mwenyewe nyuma ya kioo.

Walipotoka nje, jua la adhuhuri liliwachoma macho. Kaka alisimama ngazini, akatengeneza kola.

"Kesho naanza saa ngapi?" aliuliza.

Kalamu alihisi ule uongo wenye huruma ukijipanga mlangoni mwa mdomo wake. Aliumeza.

"Kesho hakuna, kaka. Umemaliza leo."

Kaka alifikiri. "Nimemaliza vizuri?"

"Vizuri."

"Basi twende nyumbani. Shemeji yako asije akapiga pasi shati lingine."

Nasi tunaikomesha hadithi hapo walipokuwa wakishuka ngazi, mmoja akimshika mwenzake kiwiko. Tunamwomba Mwenyezi Mungu aliyewaondoa wengine jukwaani kwa heshima awatazame waliobaki: wanaoshika meza za wenzao wasijivune, wanaokaa sebuleni wakingoja kuitwa wasivunjike moyo, na wanaowaandikia wengine maneno wasikose neno la kweli la kuwaambia walio wao. Aamin.